Kobe Haitaki Mulago

Kijiwe cha Rashidah kiko Kawempe, ubavuni mwa duka la vitambaa la Habib, na mtu akitaka kupoteza siku yake nzima bila kujuta, basi akae hapo. Pana benchi yenye mguu mmoja mfupi, jiko la mkaa, birika la kahawa ya tangawizi, na kreti la soda lililowekewa kibao cheusi cha kuegeshea vikombe. Kibao hicho Habib mwenyewe alikileta Ramadhani iliyopita, na wenzake wakamsifu kwa kuona mbali. Wenye benchi ni wawili: Ochola, Mkenya fundi wa friji, ambaye wote humwita Injinia ingawa cheti chake hakuna aliyekiona, na Okot, polisi mstaafu, Afande mpaka kaburini. Leo ubishi ulikuwa juu ya gari la Habib, lililoegeshwa hatua kumi tu kutoka hapo. Lilikuwa la kijani, la zamani, lile la mgongo wa kobe, ambalo injini yake iko nyuma.

Habib hakuwa na hamu ya ubishi. Ilikuwa saa sita na nusu, na saa nane binti yake Jannat alitakiwa awe amelazwa hospitali ya Mulago. Mimba ya miezi tisa, presha juu, miguu imevimba mpaka viatu havimwingii. Mara mbili alizompeleka kliniki huko huko, gari lilimzimikia katikati ya barabara.

— Hebu nieleze tena polepole, mzee, — alisema Ochola, tasta yake ya kupimia umeme sikioni kama penseli ya seremala. — Inazima vipi?

— Linakwenda vizuri tu. Likiingia kwenye shimo, taa zinafifia, injini inakohoa, kimya. Tukishuka tulisukume, linawaka nikigeuza ufunguo tu, hata halijasukumwa.

— Banange! — Okot akacheka. — Inashusha watu kwanza, ndiyo inawaka? Hiyo gari ina dharau.

— Umepima betri? — Ochola akauliza.

— Mara nne. Nang'oa kiti cha nyuma, maana betri iko chini yake, napima: nzima. Dainamo nzima. Nikiwasha, linanguruma. Jana nimekwenda nalo Bwaise peke yangu, halikukohoa hata mara moja.

— Basi ni koili. Ikipata joto inalala, ikipoa inaamka. Mimi friji zangu ziko hivyo hivyo.

— Bwaise hakuna joto?

Ochola akanywa kahawa.

— Nyinyi mnatafuta ndani, — Okot akasema, akisogea mbele. — Tafuteni nje. Njia ya Mulago kuna milingoti ya simu mingapi? Ile mawimbi inaingia kwenye waya za zamani, inachanganya moto. Kazini redio zetu zilikuwa zinakufa hivyo. Gari inasikia simu za watu, inachoka.

— Afande, gari inachoka na umbea?

— Wewe cheka. Ni nani ameithibitisha sio?

Jannat alitoka dukani, mkono mmoja kiunoni, mwingine na mfuko wa nguo za mtoto.

— Baba, mimi nakaa garini. Hili jua siliwezi.

— Kaa, mama. Dakika tano tu tunaondoka.

Akaingia nyuma, kwa kuwa mbele tumbo halikuwa na nafasi, akajishusha kitini kwa uzito wake wote. Habib alimtazama mpaka mlango ulipofungwa.

— Kodi teksi, Habib, — Okot akasema, safari hii bila utani.

— Nilimwahidi binti yangu atakwenda na hili hili.

Wote walijua kwa nini. Jannat aliletwa nyumbani katika gari lile akiwa na siku mbili, amepakatwa na mama yake, Nusura. Na miaka minane baadaye, katika kiti kile kile, Nusura alipelekwa Mulago akihema njia nzima, wala hakurudi.

Rashidah alikuwa akipuliza mkaa. Akanyanyua kichwa.

— Mimi nitasema, mkasilike. Bwaise inaenda. Sokoni inaenda. Mulago inakataa. Kwa nini? Gari inakumbuka, Hajji. Haitaki kupereka mtoto kule ilikopereka mama.

— Rashidah, wee! — Ochola akamkemea.

Lakini neno lilikuwa limeshamwingia Habib. Alijiambia huu ni upuuzi, chuma hakina moyo, na huku vidole vyake vikigonga kikombe. Aliogopa. Aliogopa kweli kweli, na hakuwa na wa kumwambia.

— Kahawa inaungua, — Okot akasema, akinusa.

Rashidah akafunua birika. — Haiungui.

Hapo akafika mwanamke mgeni, Kavugho, Mkongo aliyehamia kibanda cha pili juzi, mshona makochi, utepe wa kupimia shingoni. Alikuja kununua kahawa, akawa amesikia nusu ya maneno.

— Hodi, bapapa. Ile siku gari inazima, kwa nyuma nani alikuwa anaikala?

Ochola akaligeukia gari. Okot akamtazama Habib. Mara zote hizo nne za kupima, hakuna aliyewahi kupima na kiti mahali pake, sembuse na mtu juu yake.

Bwaise, hakuna mtu. Sokoni, hakuna mtu. Kliniki, Jannat. Wakishuka kusukuma, Jannat kashuka.

Kikombe kilimponyoka Habib.

— Jannat! Shuka! Shuka mwanangu!

Alikimbia akamvuta kwa makwapa, kwa nguvu ambazo hakujua bado anazo. Ochola aling'oa kiti akakitupa barabarani. Gunia la chini lilikuwa jeusi, na katikati yake, pale spring zilipobonyea mpaka kwenye kichwa cha betri, palikuwa na shimo la ukubwa wa kiganja, likimeremeta pembeni. Okot akamimina birika zima juu yake. Kahawa yote ikaisha kwa mvuke na mlio, na Rashidah hakudai kitu.

— Sijaungua, baba, — Jannat alisema. — Niache, unaniumiza mkono.

Okot alikuwa tayari kwenye simu, anaita teksi.

Kavugho aliinama ndani ya gari, akafungua utepe, akapima.

— Hii betri ni mrefu kuliko nyumba yake, papa. Inatakiwa kifuniko juu, spring isifike. Kifuniko yake iko wapi?

Injinia hakujua. Afande hakujua. Habib alikumbuka Ramadhani: betri mpya, kubwa, aliyoinunua kwa kuwa ni kubwa; kifuniko kilichokataa kufunga; na furaha yake alipoona kinatosha vikombe vinne.

Jannat alifuata macho ya baba yake, kisha wengine wote, mmoja mmoja, wakageuka kulitazama kreti la soda na kibao chake cheusi.