Pelagia Asiyekubali "Nzuri" ya Kwanza

Ijumaa hii, tarehe 28 Februari 2020, Dada Pelagia Ndunguru anastaafu baada ya miaka ishirini na sita katika hospitali yetu hapa Dallas, kumi na moja ya mwisho akiwa NP wa kitengo cha majeruhi. Kwa wageni wa sherehe wasiojua vyeo vyetu: NP ni muuguzi aliyerudi shule hadi akapewa leseni ya kupima mgonjwa, kuandika dawa na kuamua matibabu bega kwa bega na daktari. Kwetu sisi tuliofanya naye kazi, NP ni yule mama mfupi mwenye viatu vya kijani, anayewahi kufika na kuchelewa kuondoka.

Alitoka Songea mwaka 1991 akiwa tayari muuguzi, akafika Texas akaambiwa cheti chake hakitoshi. Hakununa. Alianza kwa kuogesha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee kule Carrollton, akasoma, akafanya mitihani, na mwaka 1994 akaajiriwa hapa. Masomo ya NP aliyafanya akiwa na watoto wawili na Corolla moja iliyochoka. Mwanawe mkubwa anasema alijua majina ya mifupa yote kabla hajajua kuendesha baiskeli, maana mama alikuwa akijisomea kwa sauti kwenye foleni.

Majeruhi anapoletwa kwetu, watu kumi humzunguka kwa pamoja, makasi yanakata nguo, mashine zinalia. Kesho yake, vurugu zikishatulia, ndipo Pelagia huingia kumpima upya kuanzia utosini hadi vidole vya miguu, kwa kuwa mtu aliyevunjika paja hana habari na kidole. Madaktari wanafunzi walimwogopa kuliko bosi wao. Ole wako umpe ripoti ya mgonjwa ambaye hujamvua soksi! Akishakugombeza, anakupa andazi. Kabatini mwake kulikuwa na kanga kila siku, kwa ajili ya mama zetu ambao baibui lao limekatwa na makasi na hawana cha kujisitiri. Alizifua mwenyewe nyumbani na hakutaka kusikia habari ya kushukuriwa.

Ningeishia hapo mngepiga makofi. Lakini mwenyewe kaniagiza nisiandike sifa tupu, na familia inayohusika imeniruhusu, kwa hiyo nasema.

Novemba 2018 aliletwa kwetu Bwana Shamte, Mzanzibari wa Euless anayeendesha teksi ya uwanja wa ndege. Gari lilikuwa limemgonga ubavuni asubuhi ile. Aliingia kwa miguu yake, anatabasamu, kwa hiyo akapewa Pelagia ampime palepale. Pelagia alimsikia lafudhi, akafurahi kama kaona ndugu. Wakaamkiana kwelikweli: habari za asubuhi, nzuri, za nyumbani, nzuri, na tumbo je, zuri tu, alhamdulillah, si neno. Wenzangu, mnatujua tulivyo. Mtu wetu hata awe anabebwa kwenye machela, salamu ataijibu kwa uzuri kwanza. Shida yake inakuja baadaye, baada ya "ila", na hiyo "ila" inataka kusubiriwa. Siku hiyo Pelagia hakuisubiri. Mapigo ya moyo yalikuwa juu kidogo. Akadhani ni mshtuko wa ajali. Alasiri akamruhusu aende nyumbani.

Kesho yake mchana Shamte alirudishwa na gari la wagonjwa, hajitambui. Bandama lilikuwa limepasuka, tumbo limejaa damu. Wakati anapasuliwa, mkewe Mahfudha na binti yao Yumna walikaa chumba cha kusubiri, na mimi nilikuwa nawapelekea maji. Pelagia aliingia, akavuta kiti, akamwambia Mahfudha wazi kwamba aliyemruhusu mumewe ni yeye, na kwamba alikosea. Hakuna aliyemtuma. Nilitamani sakafu inimeze. Yumna alianza kumjibu kwa Kiingereza, kwa hasira ya haki kabisa, mama yake akamshika mkono.

Siku tisa Shamte alikuwa chumba cha wagonjwa mahututi, na siku tisa hizo Pelagia hakula mezani na sisi. Nilijua, kwa sababu niliiona, kwamba alikuwa na barua ya kuacha kazi ndani ya mkoba. Alisema muuguzi asiyesikia lugha ya kwao hana anachosikia. Nililia, jamani, sifichi.

Siku ya kumi Shamte aliamka. Pelagia akaenda kumuaga Mahfudha, akamwonyesha ile barua. Mahfudha akaisoma, akamrudishia, akamwambia kwamba miaka ishirini na miwili ya ndoa mume huyo hajawahi kumwambia panapomuuma asipoulizwa mara tatu. Basi badala ya kukimbia, akae awafundishe wenzake kuuliza mara tatu. Pelagia aliichana barua palepale, akaomba radhi kwa kuchafua sakafu.

Tangu hapo akawa na utaratibu wake. Anauliza, anakaa kitini, anaweka mkono tumboni, anauliza tena. Ananyamaza. Anauliza mara ya tatu. Kesi ile akaiandika ukurasa mmoja, na leo kila muuguzi mpya anaisoma wiki ya kwanza. Mwaka jana hospitali moja ya Houston ilimwita aifundishe. Ali-drive mwendo wa saa nne kwenda, saa nne kurudi, na mwezi uliofuata wakamwandikia kwamba mama mmoja Mkongo aliyeanguka ngazi, aliyekwisha kusema yuko sawa mara mbili, yuko hai kwa sababu ya swali la tatu. Shamte naye yuko barabarani na abiria wake, na kila Idi sanduku la halua linafika kitengoni.

Wiki iliyopita wakubwa walitaka kumpa Pelagia zawadi ya kustaafu: wafute jina lake kwenye ule ukurasa, waandike tu "muuguzi mmoja". Akakataa. Akasema likitoka jina, wauguzi wapya watadhani ni kosa la mtu mzembe, mtu asiyejali, na kila mmoja atajiona yeye siye. Wajue ni Pelagia Ndunguru, aliyempenda mgonjwa wake na kusema lugha yake, na bado akakosea.

Dada Pelagia, asante kwa kutulea. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua lichomoze, na Mungu akupe siku nyingi na njema. Jina lako tumeliacha pale pale, kwa wino mweusi.

Yasinta Kayombo, muuguzi, kwa niaba ya kitengo cha majeruhi