Mizani na Kasi ya Pua Nyekundu

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, tunayemwita Mizani anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kupima ndege ambazo hajawahi kuzipanda. Kaomba wasifu wake niuandike mimi, bibi wa chai. Basi asiyetaka kusikia na azibe masikio, maana nimekasirika, na keki haitanipoza.

Kwa jamaa waliokuja kumuaga: ofisi hii hutengeneza michezo ya kompyuta ya kurusha ndege za vita vya zamani. Lazima mtu aamue kila ndege ilikimbiaje, ilipandaje, ilikata kona vipi. Mtu huyo ni Mizani. Kazi si kusoma karatasi tu, kwa sababu karatasi za vita zina wenyewe. Kiwanda kilipima ndege yake ikiwa mpya, inang'aa, haina risasi hata moja, kikaandika kasi ya kuringia. Adui aliiteka ileile, akaipima injini ikikohoa, akaandika kwamba ni mkokoteni. Na rubani aliyeponea chupuchupu aliisimulia kama aliyekutana na jini.

Amwamini nani? Mizani huanza na kiwanda kinapojilalamikia na adui anaposifu. Aliponieleza hayo nilicheka hadi nikakaa chini. Kumbe ni mambo ya nyumbani! Mama akimsifu mwanawe, mwitikie tu na uendelee kunywa chai. Wifi akimsifu mke wa kaka yake, weka kikombe chini usikilize.

Msidhani hakuwahi kuteleza. Kuna ndege iitwayo Pua Nyekundu, aliyoipenda tangu utotoni, picha yake ilikuwa juu ya kitanda chake. Hiyo aliipa kasi ya kiwanda, akafumba macho. Wachezaji wa upande wa pili walipopiga kelele, alinuna. Kisha akasoma malalamiko ya mafundi wa kikosi kilichoirusha vitani: ikipanda, injini inachemka. Akaipunguza kwa mkono wake na kutangaza kwamba alipendelea. Wapenzi wa Pua Nyekundu wakamwita msaliti.

Sasa sikieni kilichoniwasha. Wiki iliyopita mkuu wa mauzo alisimama mlangoni pa jiko langu akitabasamu. "Mzee akishaondoka, Jumatatu tunairudishia Pua Nyekundu mbio zake. Watu wanaipenda, bibi, waache wapae." Nikamuuliza: na wewe mkeo anakupenda, mbona hupai?

Hakuishia hapo. Zawadi mnayoiona mezani, Pua Nyekundu ya mbao, aliiagiza yeye. Chini yake kulikuwa na kibao cha shaba chenye kasi ileile ya kiwanda! Kumkabidhi mtu uongo alioukataa, umefungwa utepe, ni kumtemea mate huku unampigia makofi.

Mimi nampenda Mizani kama niliyemzaa, kwa hiyo kwa kanuni yake sifa zangu msizihesabu. Hesabuni malalamiko. Ni mbishi kama mlango uliovimba kwa mvua. Vikombe vyake huviacha dirishani mpaka viote ukungu. Kwenye harusi ya binti yangu, mshenga alipokuwa akimmwagia sifa bwana harusi, yeye aliuliza mbele za watu mshenga ni wa upande gani. Nilitamani ardhi inimeze. Na chai yangu hajawahi kuisifu kwa adabu. Ikiwa maji, husema maji. Ndiyo maana siku aliyoisifu, nililala nikitabasamu.

Kibao nimekibandua kwa kisu cha jikoni, kimo mfukoni mwa aproni yangu. Mkuu wa mauzo akikitaka, asimame sasa hivi, hapa mbele yetu, atuambie kasi hiyo nani aliipima, na alikuwa anauza nini. Asipoweza, Jumatatu asiguse kitu. Nitakuwepo. Mimi sistaafu.

Mizani, mwanangu, asante kwa kutudai ukweli hata ulipokuuma wewe mwenyewe. Chukua ndege yako, haina uongo tena. Uwe na afya, usingizi mzito, na watu wa kubishana nao. Vikombe vya dirishani nitaviosha, nikikutukana. Na siku ukipita kutusalimia, chai ipo. Ikiwa maji, useme.