Lori Huanzia Juu

Walikuwepo Johana arap Soi, ambaye kijiweni anaitwa Mizani. Weldon, aliyesoma Chuo Kikuu cha Kabianga miaka miwili akarudi na jina la Profesa. Na Sagini, mwuza chai, mwenye thamosi. Kipkurui arap Mosonik hakuwepo. Alikuwa amelazwa hospitalini tangu Jumapili, na mahali pake mwisho wa benchi hapakukaliwa. Benchi liko njia panda, kando ya barabara ya Roret. Kila siku lori la majani ya chai hufika hapo, hupanda kituo cha juu kwanza, hujaa. Kituo cha chini, cha akina Johana, hupata nafasi iliyobaki. Juzi magunia ya Johana yalikataliwa, majani yameungua kwa joto la kungoja. Leo mengine yalikuwa yakingoja huko chini.

— Ni kanuni, Mzee Johana, alisema Weldon. Wachache wanapata kubwa, wengi wanagawana makombo. Angalia mvua ya mawe. Inapiga shamba yako, inaruka ya jirani.

— Jirani yangu ni shemasi. Labda anajua kitu.

— Hata ng'ombe, alisema Sagini. Ako na chuchu nne, lakini maziwa mingi inatoka mbili za nyuma.

— Umeona? alisema Weldon. Na huko mbinguni wachache watakula nyama, wewe Sagini utapewa supu.

— Bora iwe moto.

— Cheka tu. Kanuni haishtakiwi.

Johana hakulipenda neno hilo, kanuni. Kipkurui alikuwa amelipinga miaka yote kwa sentensi moja: lori lianze chini.

Nyanchoka, aliyehamia kituo cha chini mwezi huu, alikuwa amekuja kunywa chai. Alipuliza kikombe chake.

— Mawe inatoka kwa Mungu, sawa. Na lori, nani alisema ianze juu?

Profesa alitazama viatu vyake. Lori lilisikika konani.

— Weldon, shika benchi huko mwisho, alisema Johana.

— Hapo ni pa Mzee Kipkurui.

— Ndiyo maana nakuambia upashike.

Waliweka benchi katikati ya njia ya juu, wakalikalia. Dereva alitoa kichwa dirishani.

— Wazee, mimi natumwa tu.

— Sisi hatujatumwa, alisema Johana. Anza chini.

Dereva alipiga honi. Sagini alimimina chai. Mwishowe lori likakata kona, likateremka.

Liliporudi, magunia ya Johana yalikuwa juu yake, majani bado mabichi. Dereva alisimama kando ya benchi bila kuzima injini.

— Nimeambiwa huko chini niwaambie. Mzee Kipkurui amefariki asubuhi.