Sindano Hasaini Joto

Elimu ya dunia nzima, kama hujaambiwa, inagawiwa kwenye benchi moja tu. Benchi lenyewe ni ubao uliobanduliwa ubavuni mwa lori bovu, urefu wake watu wanne na nusu, na limeegemezwa ukuta wa nyuma wa kiwanda kidogo cha mikate, mahali ambapo kivuli huingia saa tano na ubishi huingia saa tatu. Hapo vita vya nchi za mbali humalizwa kwa kikombe kimoja cha kahawa, na marais hufukuzwa kazi kabla kikombe hakijapoa. Ile Alhamisi jua lilikuwa limekasirika hasa. Vivuli vya watu vilikuwa vinatafuta vivuli vya kujifichia, na kunguru walikuwa wanaruka kwa bawa moja, la pili wanajipepea. Nasema niliyoyaona, na anayebisha akalete kunguru wake.

Mwenye shida siku hiyo alikuwa Friza. Jina lake la kwenye cheti halijulikani, na cheti chenyewe hakijaonekana. Ni fundi wa majokofu. Friji ikifa mtaa wa saba, yeye anasikia harufu ya nyama kabla mwenye nyama hajajua. Mfukoni mwa ovaroli alikuwa na barua. Kitindamimba wake, binti wa miaka tisa, alikuwa ameanguka darasani Jumanne, saa saba na nusu mchana, chini ya bati lisilo na dari. Mwalimu alimleta nyumbani mgongoni, macho yamegeuka meupe, na mama yake mpaka leo akimfulia sare anaanza kulia upya. Wiki hiyo hiyo walikuwa wameshaanguka wengine wawili.

Barua ilikuwa inaomba kitu kidogo: miezi ya joto watoto waingie alfajiri na watoke saa sita, kabla bati halijageuka kikaango. Wazazi sabini na mbili walikuwa wameshasaini. Ilibaki saini moja, ya mwenyekiti wa kamati ya shule. Saa nane mwalimu mkuu anaondoka nayo kwenda ofisi ya elimu; ikikosa leo, kikao kingine ni baada ya miezi mitatu, joto limeshaenda zake na watoto wameshaiva.

Mwenyekiti ni Sindano, fundi cherehani, mtu mwembamba ambaye akigeuka ubavu unamtafuta. Alikuwa amekaa hapo hapo benchini na kalamu sikioni. Na alikuwa hasaini.

Kosa, tuseme kweli, lilikuwa la Friza. Angeandika tu kwamba watoto wanaanguka, barua ingekuwa imeshafika. Lakini Friza anapenda maneno makubwa kama mlevi anavyopenda barabara pana. Mstari wa kwanza aliuandika hivi: "Kutokana na ongezeko la joto duniani lililosababishwa na binadamu." Sindano alipofika hapo alikunja barua, akavua miwani, akasema yeye hawezi kuweka jina lake chini ya jambo ambalo wataalamu wenyewe bado wanashikana mashati.

— Wanaoshikana mashati ni akina nani? — Friza akauliza.

— Hao hao. Redio moja inasema lipo, nyingine inasema halipo. Mimi ni mwenyekiti, siwezi kusaini ubishi.

— Sindano, ndugu yangu, unatoka jasho mpaka kwenye miwani.

— Jasho ni la mwili wangu. Halina uhusiano na dunia.

Ikabidi kesi isikilizwe upya, saa sita na nusu hiyo, na saa nane iko njiani inakuja.

Wa kwanza kutoa ushahidi alikuwa Tani Kumi, dereva wa malori mstaafu, mwenye ubao ule wa benchi, mtu aliyekaa nyuma ya usukani miaka arobaini mpaka sasa hata kitandani analala amekunja mikono. Kwake joto lipo, na ni la binadamu, ila siyo kwa sababu ya moshi. Alieleza kwamba dunia ni gurudumu, linazunguka usiku na mchana, na Mungu kwa hekima yake aliweka grisi ndani ili lisisage chuma kwa chuma. Grisi hiyo ndiyo mafuta tunayochimba. Tumeichimba, tumeichoma kwenye magari, na sasa dunia inazunguka kavu.

— Wewe shika bearingi isiyo na grisi uone kama hutaacha ngozi, — alisema. — Halafu mnauliza joto linatoka wapi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Methali ile ilikuwa haina kazi pale, lakini ilisemwa kwa sauti nzito, ikapita.

Shemeji, muuza kahawa, alikuwa na yake. Anaitwa Shemeji kwa kuwa ana dada tisa na wote wameolewa mtaa ule, kwa hiyo ukimtukana lazima kuna mtu atakosa chakula nyumbani. Yeye alisema joto haliozi. Toka Adamu watu wanawasha moto, wanachemsha, wanachoma, na joto hilo halijawahi kuzikwa mahali. Liko juu linasubiriana. Hata hii kahawa, alisema akimimina, nusu ya joto lake mtakunywa nyinyi na nusu linapanda kwenda kwa wenzake.

Sindano akacheka, cheko la mtu aliyeshika kalamu. Yake yeye ilikuwa fupi na ya dharau: jua ni lile lile la babu zake, na babu zake walilima mchana kutwa bila kuanguka. Kilichobadilika ni watu. Wamelainika kama unga uliolowa, kwa sababu ya mafriji na mapangaboi. Na wanaopiga kelele za joto ni watu wa semina, wanaolipwa posho kukaa ukumbini penye baridi wakizungumzia joto. Watoto wakizoeshwa kutoka saa sita, kesho wataomba kutoka saa nne.

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, — akamalizia.

Hapo Friza alisimama. Kikombe chake kilimwagika, hakukiangalia.

— Wangu hakulia, Sindano. Angelia ningefurahi. Alinyamaza kimya nusu saa.

Hata Tani Kumi, ambaye haongei chini ya sauti ya honi, alikohoa kidogo kwa adabu.

Friza akaona mlango umefunguka, akaingia nao mzima mzima. Akasema joto lipo, na vyombo vya moshi vimelileta: viwanda, magari, misitu inayoangushwa. Moshi umetanda juu kama blanketi, na dunia ipo chini yake kama mgonjwa wa homa, inatoka jasho na haiwezi kujifunua. Alikuwa anasema vizuri siku hiyo, hasira ilikuwa imemnyoosha lugha. Alisema ubaya wenyewe ni kwamba waliotandika blanketi wako mbali na wana vipoza hewa, na anayeangukia dawati ni mtoto mwenye penseli iliyobaki nusu kidole.

Sindano alimngoja amalize. Fundi cherehani hana haraka, anajua pindo liko wapi.

— Umesema ni watu. Nitajie mtu.

— Nimeshasema, viwanda.

— Kiwanda siyo mtu. Nikuulize mimi. Ile gesi ya friji. Mwaka juzi ulitoka semina ukatuambia hapa hapa kwamba ikitoka hewani inashika joto kuliko moshi wa magari, na kwamba mmeagizwa muinase kwenye mtungi. Juzi umefungua friji ya mke wangu, nikasikia psssss, mpaka paka akakimbia. Mtungi ulikuwa wapi?

Friza mtungi hana. Mashine ya kunasia gesi hajawahi kuigusa, ameiona kwenye picha tu, na kila wiki anafungua friji tatu, nne, anageuza uso pembeni na kuiacha ipulize. Alikuwa anajua. Kila ikilia psss alikuwa anajua, na alikuwa anajiambia kwamba mbingu ni kubwa na friji ni moja.

— Nyani haoni kundule, — Shemeji alisema taratibu, na safari hii methali ilikaa mahali pake, ikauma.

— Sawa, — Friza akasema. Sauti ilikuwa imeshuka. — Na mimi nimo. Niandike wa kwanza, juu kabisa, kabla ya viwanda. Nikishajiandika, utasaini?

— Hapana. Hapo tumejua nani ana kosa kama joto lipo. Kwamba lipo, bado.

Nakwambia, mtu anaweza kupigwa hapo na hakimu akampa mpigaji soda. Lakini Friza alikuwa na silaha moja imebaki, na aliigeukia ukutani kwa heshima, kama mtu anayefunua mtambo. Juu ya benchi, kwenye ukuta wa mikate, palikuwa na kipimajoto alichokipigilia msumari mwenyewe miaka mitano iliyopita, na kando yake michoro ya mkaa, mstari kwa kila mwezi. Ile ndiyo ilikuwa maabara ya kijiwe. Watu wamewahi kutoka mtaa wa tatu kuja kuitazama. Miaka mitatu ya kwanza mistari ilitambaa pamoja, thelathini na moja, thelathini na mbili. Halafu ghafla, miaka miwili nyuma, ikaruka kama imekanyaga kaa la moto: arobaini, arobaini na mbili. Siku hiyo zebaki ilikuwa imesimama kwenye arobaini na nne.

— Bisha na hiki, — Friza akasema. — Hiki hakijaenda semina, hakijapewa posho.

— Na mgongo wangu shahidi, — Tani Kumi akaongeza. — Miaka miwili hii nikiegemea hapa naungua mpaka fulana inabadilika rangi. Dunia imechacha.

Sindano alivaa miwani. Alitazama kipimajoto, akatazama mistari, na kwa mara ya kwanza kalamu ilishuka kutoka sikioni. Alikuwa bishi, lakini namba anaziogopa. Mtu anayeishi kwa futi hawezi kudharau futi. Akaikunjua barua juu ya paja.

Ndipo akatokea mwanamke amevaa suruali ya kazi, udongo mpaka viwikoni, mwiko wa kujengea mkononi. Ni fundi wa matanuri, alikuwa ameitwa kiwandani kuziba ufa, na alizunguka nyuma kuangalia upande wa nje. Aliwasalimia, akaomba kikombe, akawasogeza kidogo ili auguse ukuta kwa kiganja.

— Samahani kaka zangu. Mnapumzika hapa kila siku?

— Kila siku, dada, — Shemeji akajibu. — Hiki ndicho chuo.

— Hamuungui? Huu ndio mgongo wa tanuri. Nililijenga mwenyewe miaka miwili iliyopita, walipolitoa kule uani wakaliingiza ndani.

Aisee. Nimeshaona benki ikiibiwa, nimeshaona bwana harusi akitoroka, sijawahi kuona aibu kama ile. Watu wazima wanne, wenye watoto na wajukuu, walikuwa wamekaa miaka miwili wameegemea tanuri la mikate, migongo inaiva, wakilia na dunia.

Sindano ndiye aliyezinduka kwanza. Alicheka mpaka miwani ikadondoka, akaiokota akacheka tena. Akasema kumbe kweli joto limeletwa na binadamu, na binadamu mwenyewe ni mwoka mikate. Akaikunja barua mara mbili, mara nne, akamrudishia Friza kifuani.

— Kesi imekwisha. Joto halipo, kuna maandazi.

Friza aliishika barua kama mtu aliyepewa maiti ya ndege. Alitaka kusema neno kuhusu mbingu, kuhusu gesi, kuhusu mito aliyosoma kwamba inakauka, na yote yalimkauka yeye mdomoni. Saa saba ilikuwa imeshapita. Alichoweza kusema kilikuwa kidogo kuliko yote aliyosema siku hiyo.

— Mwanangu alianguka, Sindano.

Fundi wa tanuri alikuwa anapuliza kahawa yake. Aliinua uso.

— Mtoto alianguka? Hapa ukutani?

— Darasani, dada. Shule hiyo hapo, geti la bluu.

Aligeuka akaitazama. Haikuwa mbali; kutoka benchini unaisikia kengele bila kutega sikio. Bati lake lilikuwa linameta mpaka macho yanakataa.

— Mimi nakaa na moto kila siku, — alisema. — Kipimo kikikosea, jua halipoi. Sasa huko darasani, saa hizi, ni ngapi?

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya chumvi, kisha akangoja jibu.

Tani Kumi alimtazama Shemeji. Shemeji alitazama birika. Sindano alimtazama Friza, kwa kuwa Friza ndiye mwenye kipimo na ndiye mwenye mtoto, na Friza alitazama chini. Miaka mitano ameipima dunia nzima kutoka benchini. Ndani ya lile darasa alikuwa hajakanyaga toka siku ya kumwandikisha binti, asubuhi, kulipokuwa na ubaridi mzuri tu.

Mwenyekiti wa kamati naye, miaka sita ya uenyekiti, vikao vyake vyote vilikuwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kwenye pangaboi.

Dada akamaliza kahawa, akashukuru, akarudi kwenye ufa wake.

Friza akatoa koleo mfukoni, akang'oa msumari. Kipimajoto alikishika mkononi mpaka zebaki ikaanza kushuka polepole, akamgeukia Sindano. Sindano aliitazama saa yake: saa saba na robo. Akanyoosha kikombe aongezewe. Shemeji aliinamisha birika likatoa tone moja, la pili likagoma.

— Na nikienda, — Sindano akasema, bila kuinuka, — nitakaa wapi? Madarasa yenyewe yamejaa, watoto watatu dawati moja.

— Kuna nafasi, — Friza akasema. — La tatu kutoka dirishani. Mwenyewe bado yuko nyumbani amelala.