Mwalimu Melkizedeki Mughwai na Njia za Ndani ya Kioo

Marehemu mdogo wangu, Melkizedeki Mughwai, alizaliwa Mtinko tarehe 12 Machi 1938, wakati wa palizi. Mama alitoka shambani jembe likiwa bado begani.

Alisoma shule ya misheni Kilimatinde, kisha chuo cha ualimu Dodoma. Januari 1962 alianza kufundisha sayansi sekondari, hapa Singida Mjini, na hakuhama tena. Mwaka 1964 alifunga ndoa na Felista, binti wa Mzee Laurenti wa Ikungi, ambaye baadaye tulimwita Mama Anastazia.

Somo alilolipenda ni kioo. Sisi tulijua kioo ni cha kutazamia uso, basi. Mwaka jana tulipohamia kijiji cha ujamaa alikuja kutubebea miti ya nyumba, na jioni akatueleza. Chumvi, alisema, imejipanga kwa mstari kama kijiji hiki kipya. Kioo kimekaa kama kaya zetu za zamani, kila mtu alipopenda. Katikati mna vichochoro, na humo mna chembe za magadi ziitwazo ioni. Kioo kikiwa baridi zimekwama; kikipata moto mkali zinaruka uwazi hadi uwazi, zimebeba umeme.

Mama akasema, "Kumbe nilikuwa naishi kwenye kioo, baba, mkanihamishia kwenye chumvi!" Tulicheka, naye anafuta machozi.

Kisukari kilimwandama muda mrefu, na mwaka huu kikamchukua macho. Lililomuuma ni moja: kidato cha nne walikuwa hawajaona kioo kikipitisha umeme. Kukariri tu hakutaka.

Tarehe 19 Septemba alitoka hospitali, Felista akamshika mkono hadi darasani. Waya za taa zilifungwa kwenye kijiti cha kioo, jenereta ikaunguruma, Felista akashika jiko la pampu.

"Inawaka?" Melkizedeki akauliza.

Wanafunzi wakatazamana. Walimhurumia. Kisha binti mmoja, Luciana, akasema, "Bado, mwalimu. Samahani."

"Samahani ya nini? Umesema ulichokiona. Mama Anastazia, sogeza moto."

Kioo kikawa chekundu, kikaanza kulegea.

"Na sasa?"

Darasa lilishangilia hata jibu halikusikika. Yeye alikuwa anatabasamu, uso ameuelekeza ukutani. Luciana akamshika mabega, akamgeuza taratibu kwenye taa.

Alifariki tarehe 23 Septemba 1975, alfajiri. Ameacha mjane, watoto wawili, Anastazia na Alphonce, mama yetu mzazi, mimi kaka yake Antipasi, na kidato cha nne wake.

Pumzika, mdogo wangu. Mungu akupokee kwa upole.