Penitusi Lotomau, Katibu Aliyesubiri Akidi

Ndugu waombolezaji, wachungaji wetu, wazee mlioegemea nguzo za ukumbi huu, na ninyi waheshimiwa wa Kamati ya Usalama wa Visiwa mliokaa mstari wa mbele, familia imenipa mimi, Teuai, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, nami nitayasoma yalivyo, na atakayeona yanamchoma avumilie, maana aliyelala hapa alivumilia zaidi.

Marehemu Penitusi Lotomau alizaliwa tarehe 14 Juni 1962 kisiwani Niutao, mtoto wa pili wa mzee Lotomau, mgema wa minazi, na mama Sulufaiga, akasoma shule ya msingi hapohapo Niutao, akajiunga na sekondari kisiwani Vaitupu mwaka 1976, ambako alijulikana kwa ubishi na kwa kuwamalizia wenzake pulaka, magimbi yetu ya kisiwani, kisha mwaka 1982 akapelekwa ng'ambo, Suva, kusomea utawala, akarudi na cheti na miwani, na baba alipomwona akamwambia, "Haya, bwana mkubwa, miwani hiyo itapanda mnazi?"

Aliajiriwa serikalini hapa Funafuti tarehe 3 Februari 1986 akiwa karani, na tarehe 12 Januari 1990 alifunga ndoa na Tilia, shemeji yetu, ambaye mnamwona amekaa pale na mkeka wake, na Mungu akawajalia watoto watatu, Sepola, Ionatana na Melali.

Mwaka 2004 aliteuliwa kuwa katibu wa Kamati hii, iliyoundwa ili nchi yetu isiyo na jeshi iwe na mahali pa kuamulia mambo ya hatari, nani aingie, meli gani ifukuzwe, boti yetu moja ya doria iende wapi, na kanuni zikasema viti ni tisa na uamuzi wowote unataka watano. Jamani, sisi wenyewe tuko wangapi? Hapa mtu mmoja ana kofia nne, na marehemu, mbali ya ukatibu, alikaimu idara ya uhamiaji, akakaimu na ya maafa, kila moja na kiti chake, hata mwenyekiti akiuliza uhamiaji wanasemaje, Penitusi anajibu, akiuliza maafa wanasemaje, Penitusi anajibu tena na kuwapinga uhamiaji, watu wakacheka mpaka machozi. Wajumbe wengine walikuwa angani, leo warsha Suva, kesho kongamano Honolulu, wakijifunza namna ya kulinda visiwa vidogo, huku kisiwa chenyewe kimeachiwa katibu.

Kicheko kilikwisha mwezi Mei 2011, pale Vaisua, mdogo wake Tilia, na wenzake watatu walipotoka Niutao kwenda kuvua, mashine ikazima, mkondo ukawachukua, redio ya kisiwa ikatoa habari asubuhi, na boti ya doria ilikuwa gatini hapa Funafuti, mafuta tele, nahodha tayari, lakini haikuruhusiwa kung'oa nanga bila uamuzi wa Kamati, na wajumbe waliokuwepo mjini walikuwa watatu tu, marehemu akiwa mmoja wao. Penitusi akajihesabu kwa viti vyake vyote vitatu, wakatimia watano, akaandika uamuzi, akakimbia nao mpaka gatini, na huko mwanasheria wa serikali akamzuia akisema, "Katibu, akidi ni vichwa, si viti," naye akamjibu, "Basi nikipasue hiki changu vipande vitatu, mzee?" Boti iliondoka siku ya tatu, ndege ilipowarudisha wajumbe wawili. Iliwaokota watu wawili. Vaisua hakuwa mmoja wao.

Tilia hakumlaumu mumewe hata siku moja, na hilo ndilo lililomkondesha. Akaandika pendekezo la mstari mmoja, kwamba mtu akipotea baharini, nahodha aondoke kwanza na Kamati ikae baadaye, mstari mmoja tu, akauweka kwenye ajenda ya kila kikao kwa miaka minane, na kila kikao kikavunjika, mara serikali imeanguka, mara uchaguzi, mara wanne wamefika na wa tano yuko harusini kisiwani kwao. Akawa anawavizia waheshimiwa kwenye uwanja wa ndege, ajenda mkononi, mpaka vijana wanaocheza mpira jioni palepale kwenye njia ya ndege wakamwita Bwana Akidi, na alipoambiwa kwamba subira yavuta heri, alisema, "Imevuta mpaka kamba imekatika." Tulimwambia aache, atakufa na kamati ya watu, akatununia mwezi mzima.

Mwaka 2017 kisukari kilimkata mguu wa kushoto, mwaka uliofuata kikaingia kwenye figo, naye akaendelea kwenda ofisini kwa magongo, hadi tarehe 9 Agosti 2019 asubuhi, hospitalini hapa Funafuti, alipomshika Tilia mkono akamuuliza, "Wamefika wangapi?" na Tilia, ambaye hakujua kumdanganya, akamwambia bado, naye akafumba macho.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliosuka makuti ya banda na kuchimba kaburi kwenye ardhi hii ya mawe, na wafanyakazi wenzake waliombeba kwenye ngazi za ofisi mguu ulipokatwa.

Tunawashukuru pia ninyi waheshimiwa, mlioacha safari zenu zote mkaja kumzika. Nimewahesabu nikiwa hapa nimesimama. Mko sita, na kanuni inataka watano. Mstari wenyewe Tilia anao pale mkekani, mmeusikia nikiusoma, hauna neno gumu, na wabebaji wameambiwa wasiguse jeneza kwanza. Basi lala, kaka yangu, lala kwa amani, na ninyi waheshimiwa, anayekubali anyooshe mkono.