Mguu Usiouma

Dereva wa basi alifunga breki, mtungi wa gesi wa abiria ukaserereka hadi ukakalia vidole vya mzee aliyevaa ndara. Fundi cherehani mmoja, aliyeketi kiti cha nyuma, ndiye aliyekunja uso. Mzee mwenyewe hata hakutazama chini, alikuwa anafoka tu.

"Mhudumu wa afya, mtoto wa juzi, eti nivue viatu akague nyayo mbele ya mkwe wangu! Nina kisukari, mimi si ng'ombe wa kukaguliwa kwato! Nimemtimua!"

"Baba, sukari inaua hisia za miguu," mama aliyeketi kando yake akamkatiza kwa hasira. "Mume wangu naye aliwatimua. Leo anatembelea magongo."

"Shauri yake! Mimi mguu hauniumi hata chembe!"

Basi likasimama. Mzee akainuka, mguu ukagoma, mtungi ungali juu ya vidole.

"Nani kanishika?" akang'aka.